Karpo, mtunza vitabu

Wapendwa katika Bwana, somo la wiki hii ni 2 Timotheo 4:9–18. Mstari wa 13 huwa tunaupita haraka, maana unasomeka kama orodha ya mizigo: Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Karpo hatajwi tena popote katika Biblia. Hatuambiwi kama alihubiri au aliteswa. Vitu vya mwenzake vilikuwa kwake, basi.

Vitabu vya ngozi vinaishi sana vikipata akina Karpo. Injili za Lindisfarne, yaani kitabu cha Injili nne kwa Kilatini, ziliandikwa kwenye ngozi ya ndama mnamo mwaka 700 hivi, kisiwani kaskazini mwa Uingereza. Zina kurasa zaidi ya 500, picha za wainjilisti wanne, na kurasa nzima za mapambo yaliyosukana kama ukili wa mkeka. Karne ya 10 kasisi Aldred aliingiza tafsiri ya Kiingereza cha wakati ule kati ya mistari ya Kilatini. Mwishoni akaandika majina: Eadfrith aliandika, Ethilwald akajalidi, Billfrith akapamba jalada kwa dhahabu na vito. Yeye mwenyewe alijiita kasisi asiyestahili, mnyonge kabisa. Watawa walikuwa wameshakimbia nacho mwaka 875 wakiwahofia Waviking. Karne ya 17 kilikuwa mikononi mwa Robert Cotton, mkusanya vitabu, na leo kiko Maktaba ya Uingereza, London. Jalada la vito limepotea. Lililopo ni la karne ya 19.

Huku kwetu Masasi misheni ilianza mwaka 1876, na Biblia au kitabu cha sala cha babu bado unaweza kukikuta sandukuni. Tatizo ni karatasi. Nyingi za mwisho wa karne ile zilitokana na massa ya mti yenye asidi, ndiyo maana hugeuka kahawia na kukatika pembeni. Ngozi ya Eadfrith ni imara kuliko hizo!

Adui wa kwanza ni unyevu, hasa Mikindani na Lindi mjini. Msifunge kitabu kwenye mfuko wa nailoni: joto likishuka usiku, mvuke hugeuka maji humo ndani na ukungu huota. Kifungeni kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kwa kuwa wanga huita wadudu. Kikae rafuni, mbali kidogo na ukuta, kwani mchwa hupandia hapo. Ukungu ukishaota, msifute ukiwa mbichi, mtaupaka kurasa zote. Kikaushwe kwanza kivulini penye upepo, kisha upanguswe nje kwa brashi laini, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Juani hapana: jalada hupinda, wino hufifia.

Ukurasa ukichanika, selotepu ndiyo kosa letu kubwa. Gundi yake hupenya, hugeuka njano, plastiki hubanduka na doa hubaki. Pikeni uji mzito wa wanga wa ngano, bila chumvi, mpake kiasi kidogo sana kwenye ukanda wa karatasi nyepesi, mbandike, kisha mkandamize kwa kitu kizito mpaka ukauke. Na msimu huu wa korosho, mtu asishike kitabu akitoka kubangua. Mafuta ya ganda huunguza hata mkono, sembuse karatasi.

Majina ya wenye kitabu waliotangulia, yaliyoandikwa ndani ya jalada, yasifutwe hata kama mwandiko ni mbaya. Anayepokea aongeze lake chini yake kwa penseli, pamoja na mwaka na mtaa. Kalamu ya wino hupenya hadi upande wa pili.

Jumapili, mwenye Biblia ya zamani nyumbani aje nayo imefungwa kitambaani. Mstari wa 13 tutausomea humo.