Saa 48 za mama wa Katuba

Saa 11 na nusu alfajiri simu inalia. Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Katuba, mjini Lubumbashi. Ni binti, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha jikoni. "Yaya, balimukamata mama siku ya posho. Bakakosa kaka, bakamubeba yeye."

Kwetu yaya ni mkubwa wako, na siku ya posho ni Jumamosi. Kaka alichukua pikipiki kwa mkopo, hakulipa, akatoweka. Swali langu la kwanza huwa lile lile na watu hulishangaa: walimchukua saa ngapi? "Saa mbili ya usiku. Nilimutumia mama mudogo mesaji palepale." Namwambia asiifute hiyo mesaji hata kwa bahati mbaya.

Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya Februari 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Zikitimia aachiliwe, au apelekwe kwa mwenye mamlaka ya kisheria. Kifungu cha 17 kinakataza kabisa kumfunga mtu kwa kosa la mwenzake, kwa hiyo mama huyu hakupaswa kulala kasho, yaani mahabusu ya polisi, hata dakika moja. Lakini ukianza na cha 17 mtabishana mpaka giza liingie. Cha 18 hakihitaji mabishano, kinahitaji saa tu. Jumamosi saa 2 usiku hadi leo Jumatatu saa 2 usiku.

Saa 2 asubuhi, ofisini. Vyumba viwili nyuma ya duka la saruji, na benchi tayari limejaa. Wengi wamefuata vyeti vya kuzaliwa: mzazi ana siku 90 za kumwandikisha mtoto, zikipita lazima apitie mahakamani. Namwachia mwenzangu benchi lote. Ananitazama vibaya, na ana haki.

Saa 4, kituoni. Shefu wa zamu ananipokea kwa tabasamu, jambo ambalo halinipi raha. Ananiita avoka, yaani wakili. Namsahihisha kama kawaida: mimi ni msaidizi wa sheria tu. Kuna wanaoacha waitwe hivyo kwa sababu milango hufunguka upesi, lakini siku uongo ukijulikana anayelipa ni yule aliye ndani.

Naomba daftari. Ukurasa una doa la mafuta pembeni. Jina la mama limeandikwa kwa kalamu nyeusi, kosa kwa kalamu nyeusi ("deni", bila kusema la nani), halafu kwenye safu ya saa kalamu imegeuka bluu: Jumapili, 17h, yaani saa 11 jioni. Saa 21 zimemezwa na tone la wino.

Niseme na langu. Daftari huandikwa kwa Kifaransa na familia huhesabu saa kwa Kiswahili. Mwaka wangu wa kwanza niliandika 2h kwenye barua, yaani saa nane usiku, wakati mama aliyenisimulia alisema saa mbili usiku, yaani 20h. Mimi mwenyewe nilimpokonya mtu saa 6. Tangu hapo naandika zote mbili, na nauliza jua lilikuwa wapi.

Mama analetwa mlangoni, miguu mitupu, kandambili zimebaki mezani kwa zamu. "Mutoto wangu, miye njo nilikopa pikipiki?" Sina jibu la kumpa. Namuuliza kama amekula.

Saa 6, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, maana ndiye anayesimamia kazi za polisi wa upelelezi. Umeme umekatika, fotokopi hakuna, basi naiandika barua yangu mara ya pili kwa mkono. Bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kesho utaambiwa hukufika. Tunakaa kwenye ngazi mpaka saa 9.

Mwendesha mashtaka anasoma barua bila kunyanyua uso. Binti anamnyooshea simu yenye kioo kilichopasuka. Jumamosi, 20:12: "Bamebeba mama." Mwendesha mashtaka anatazama simu, anatazama saa ukutani, anainua simu yake na kutoka nje ya mlango kuongea. Hatusikii lolote.

Saa 11 nimerudi ofisini kujaza ripoti ya wafadhili. Safu inauliza "idadi ya walionufaika". Naacha wazi.

Saa 12 na nusu, kituoni tena. Sasa tabasamu halipo. Tunaambiwa mama anaweza kutoka ila kuna "pesa ya karatasi". Naomba risiti ya hiyo karatasi. Kimya. Najua familia nyingi hulipa, na siwalaumu, usiku wa kasho ni mrefu. Leo binti anasema tutangoja, anaketi sakafuni, anakunja kitenge chake magotini. Nami naketi. Shefu anapanga kalamu zake, anazipangua.

Saa 1 na robo mlango unafunguliwa. Mama anasaini, anadai kandambili zake, moja haionekani, inatafutwa chini ya meza mpaka inapatikana. Ndani ya kasho sauti ya mwanamke mwingine inauliza kama mimi ndiye wa zile saa. Namwomba jina, nalisikia nusu, naliandika hivyo hivyo.

Nje giza limekwisha kuingia. Nafikiri mama atalia, au atauliza habari za mtoto wake wa kiume. Anauliza saa ngapi. Namwambia.

"Basi ba-mama ba bunga bangali pa barabara," anasema, anamshika binti mkono, na wanakwenda kuwahi unga.