Nikitafuta chumba cha wanawake Olynthos

Basi kutoka Thessaloniki lilipita katikati ya mizeituni ya Chalkidiki, kaskazini mwa Ugiriki, nami mkononi nina Cornelius Nepos, Mrumi wa karne ya 1 KK. Anajisifu kwamba Mrumi haoni haya kumpeleka mkewe karamuni, na mama mwenye nyumba hukaa sehemu ya mbele. Wagiriki, asema, mke humweka ndani kabisa, mahali asipofika mwanamume ila ndugu wa karibu.

Nilitaka kukiona chumba hicho. Philip wa Pili wa Makedonia aliuteketeza mji wa Olynthos mwaka 348 KK, na Mmarekani David Robinson, aliyechimba hapo kwa misimu kadhaa kati ya 1928 na 1938, akafukua nyumba zaidi ya 100. Nisipokiona huku, nikakitafute wapi?

Kilimani jua kali, kivuli hakuna. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nazo zimekwisha. Imebaki misingi ya mawe. Chumba cha wageni wa kiume hakikusumbui kukitambua: ukingo ulioinuka kandokando kwa ajili ya vitanda vya kuegemea, mlango uliosogezwa pembeni ili vitanda vienee, na penye pesa, sakafu ya kokoto zilizochorwa picha. Bellerophon, shujaa wa hekaya, yumo, juu ya Pegasus, farasi mwenye mabawa, akilichoma mkuki dude Chimera.

Cha wanawake sikukiona. Hata vile vidonge vya udongo vilivyofungwa chini ya nyuzi za kitanda cha mfumi ili zivutike, wachimbaji walivikuta vyumba mbalimbali, barazani na uani, penye mwanga wa kufumia. Kwa misingi ile, aliyewekewa mpaka ni mgeni wa kiume. Mwanamke alikuwa na nyumba nzima. Xenophon, mwandishi Mgiriki wa kale, anautaja mlango wenye komeo kati ya upande wa wanawake na wa wanaume, kweli, lakini sababu zake ni vitu visitolewe na watumwa wasizae bila idhini.

Mtu atabisha kwamba chumba kilikuwa ghorofani, na ghorofa zimeanguka. Huenda. Ila Euphiletos wa Athens, aliyeshtakiwa kwa kumuua mgoni wake, aliwaeleza mahakimu kwamba kwake wanawake walikaa juu na wanaume chini. Mtoto alipozaliwa, yeye akahamia juu na mkewe akashuka, asije akaanguka ngazini kila anapokwenda kumwogesha mtoto.