Siku moja kwenye laini ya kuunganisha malori, Mei 2020

Watu hudhani malori hushushwa bandarini Kilindini yakiwa mazima. Mengi huja vipande vipande ndani ya makreti, na sisi mafundi wa Mombasa ndio tunaoyasimamisha kwa magurudumu yake. Ndiyo kazi yangu.

Saa kumi na moja alfajiri kafyu ya korona inaisha. Daku nimeshakula, niko foleni ya feri Likoni. Saa moja na nusu langoni: sabuni, kupimwa joto, barakoa. Tumegawanywa makundi mawili, wiki yetu na wiki ya wenzetu. Mshahara nao umegawanywa.

Saa tatu laini ikasimama.

Ni waya. Lile fungu zima linalopita nyuma ya dashibodi limo kwenye kontena ambalo halijaja. India ilifunga shughuli tarehe 25 Machi, viwanda vikanyamaza, na meli haibebi kisichotengenezwa. Mtu wa nje atasema, endeleeni na mengine. Yapi? Bila waya dashibodi haifungwi, bila dashibodi viti haviingii. Ile mipira myeusi ya kupitishia waya nilishaipachika tangu wiki ile nyingine. Nikiinama naona mwanga upande wa pili.

Mwenye lori akapiga simu. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu msimamizi akanipa mimi.

"Nimeona picha, gari limesimama. Mnanificha nini?"

"Mzee wangu, limesimama lakini halina mishipa."

Akafoka. Ana mkopo, ana madereva wawili wanaomngoja, na kila siku anaambiwa wiki ijayo. Nilimwacha aseme yote. Nilichoka kwa simu ile kuliko kwa siku nzima ya kukaza bolti, maana hakukosea hata neno moja, na mimi sikuwa na kitu mkononi cha kumpa.

Baada ya hapo saa sikuzihesabu tena. Tulifagia, tukapaka spana mafuta, tukapanga nati zilizokwisha kupangwa. Kufunga kwenyewe hakukunichosha hivyo.

Jioni foleni ya feri haiendi, wanahesabu vichwa, na saa moja kafyu inaanza. Adhana ya magharibi ilinikuta hapo hapo. Nikashusha barakoa, nikafuturu kwa tende mbili nilizoziweka mfukoni.

Nyumbani nguo niliziacha mlangoni, nikaoga, ndipo nikampigia yule mzee. Nikamwambia kabini yake ni ya nne kutoka mlangoni, na nimeifunika nailoni isiingie vumbi.