Chini ya bati la mizani

Msimu ule ndio kwanza nimekabidhiwa kituo cha kununulia karafuu, upande wa Wete, Pemba. Jina la "mkuu" lilinipanda kichwani kabla sijalizoea. Wachukuzi wakiniita hivyo hata ninapokunywa chai, nami naitika kwa sauti nzito nisiyokuwa nayo nyumbani.

Kila asubuhi kabla ya kununua kulikuwa na kazi moja: kuinua bati la mizani, kufagia chini yake, kulirudisha, kisha kuweka jiwe la kilo 20 na kuangalia mshale umesimama wapi. Haizidi dakika kumi. Siku hiyo foleni ilikuwa imefika barabarani na wingu la vuli limetanda, na karafuu ikilowa ndiyo hiyo inakwenda kuwa mpeta, karafuu iliyoharibika kwa unyevu. Mzee mchukuzi alikuwa ameshashika ufagio wake wa chelewa.

"Leo acha, mzee. Tuanze."

"Tusifagie, mkuu?"

"Nimesema tuanze."

Kwenye saa nne akaja bibi mmoja kutoka Shengejuu na gunia lake, karafuu safi, kavu, hata konyo, kile kijiti cha karafuu, ulitafute. Dada karani akasoma mizani, akaandika kilo 29. Bibi hakunyoosha mkono kupokea karatasi.

"Mwanangu, hebu nitazamie tena. Dukani kwetu zimepimwa 31."

Zikapimwa tena. 29. Watu nyuma wakaanza kunong'ona, na mimi nilipousikia mnong'ono ule nikamgeukia karani. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kama macho hayaoni akae nyumbani. Nilisema na mengine, siyaandiki hapa. Yeye akainamia daftari, kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi bila kuandika kitu.

Kilo mbili si mchezo. Daraja la kwanza lilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo, kwa hiyo ni 28,000 za bibi yule, na nyuma yake wako wachumaji wanaodai ujira wa pishi walizochuma. Na mtu wa Pemba akihisi anapunjwa kituoni, njia ya Shimoni, kule pwani ya Kenya, anaijua, tena usiku. Tunalalamikia magendo kila siku, lakini kuna ngarawa tunazozisukuma majini wenyewe.

Mzee mchukuzi akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake. Akasema kwa sauti ya chini sana, ili nisikie mimi peke yangu: "Mkuu, hatujainua bati."

Tukaliinua. Kwenye pembe moja makonyo na vumbi la karafuu vilikuwa vimeshindiliwa pamoja na kipande cha kamba ya gunia, vigumu kama kashata. Bati lilikuwa linaegemea pale, na uzito mwingine unaishia hapo badala ya kufika kwenye mshale. Nikakichokoa kwa ufunguo wa ofisi. Jiwe likawekwa: 20. Gunia la bibi likawekwa: 31.

Sitaki kujifanya shujaa. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kusema "mizani imeharibika" na kuendelea. Ingepita. Mzee alikuwa ameshanong'ona, maana yake alinipa nafasi ya kujisitiri. Lakini karani bado alikuwa ameinama, na yale maneno sikumwambia kwa kunong'ona.

Nikasimama juu ya gunia ili wa nyuma nao wasikie. Nikasema mizani ni nzima, mzee alitaka kuifagia nikamkataza, karani alisoma kile kilichoonekana, na aliyewapunja ni mimi. Kisha nikamtazama dada yule nikasema, "Nimekukosea. Nisamehe."

"Nimesikia, mkuu," akajibu, akaandika 31. Hakutabasamu, wala sikustahili.

Magunia ya asubuhi yalikuwa bado na namba zake za chaki, gari halijaja kuyachukua. Tukayapima upya yote, nikabeba pamoja na wachukuzi mpaka shati likanata mgongoni. (Gunia la karafuu lina ncha zake, waulize mabega yangu.) Waliokwisha ondoka, daftari lilikuwa na vijiji vyao. Baada ya Laasiri nikakodi bodaboda, nikawafuata nyumba kwa nyumba na tofauti zao. Mmoja alinikaribisha chai. Mwingine alihesabu pesa mara tatu mbele yangu bila kusema neno, akafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya mzee. Nikainua bati, nikafagia. Alipotokea akasimama mlangoni, akatazama ule ufagio wake mikononi mwangu.

"Hiyo pembe ya ukutani umeiacha," akasema.

Nikarudia. Karani akaingia, akatoa salamu kavu, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe. Akaliweka juu ya bati, akasubiri mshale utulie.

"Ishirini," akasema, akafungua daftari.