Mita janja: tazama skrubu kabla ya kuogopa mawimbi

Nyumba ikipata taarifa kwamba mita ya umeme ya kisahani (ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka) inang'olewa na kufungwa mita janja, yaani ya elektroniki inayotuma usomaji yenyewe kwa kampuni ya umeme, maswali huwa yale yale. Bili itapanda? Mawimbi yake yatatudhuru? Nani atajua tunavyoishi? Yote yanastahili jibu, na yatajibiwa hapa chini. Lakini jambo linaloweza kuunguza nyumba halitajwi sana: skrubu za taminali, zile zinazobana nyaya chini ya kile kifuniko chenye lakiri.

Waya uliolegea unaongeza ukinzani, na ukinzani unazaa joto. Mguso mbovu wenye omu 0.05 tu, ukipitisha ampea 30 za jiko na hita, unatoa wati 45. Hilo ni joto la chuma cha kulehemia kilichoachwa kimewashwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Joto hulegeza mbano zaidi, ukinzani unapanda, na mchezo unajirudia mpaka plastiki inabadilika rangi. Waya wa alumini una shida zaidi, kwa sababu ncha yake huota tabaka la oksidi lisilopitisha umeme vizuri, na alumini yenyewe hubonyea taratibu ikibanwa.

Kwa hiyo simama karibu fundi anapofanya kazi. Ncha ya zamani iliyogeuka nyeusi ikatwe na waya uchunwe upya. Nyuzi zote ziingie ndani ya taminali, pasibaki hata moja nje. Kama taminali ina skrubu mbili, zikazwe zote mbili, kisha kila waya uvutwe kwa mkono. Siku zinazofuata, harufu ya plastiki iliyoungua, mlio wa kukwaruza au taa zinazofifia hita ikiwashwa ni dalili za mguso mbovu. Zima mizigo mikubwa na uite kampuni ya umeme siku hiyo hiyo. Usifungue kifuniko mwenyewe, kwa sababu nyaya zinazoingia kwenye mita hazizimwi na swichi yako kuu.

Kabla mita ya zamani haijatolewa, ipige picha ikiwa bado ukutani: namba zote za usomaji, namba ya mita na lakiri. Tarakimu nyekundu ya mwisho, au iliyozungushiwa mstari, mara nyingi ni sehemu ya kumi ya uniti (uniti moja ni kilowati-saa moja). Mtu akiisoma kama tarakimu kamili, matumizi yako yanazidishwa mara kumi. Piga pia mita mpya picha ikionyesha usomaji wake wa kuanzia. Kama ulikuwa na uniti za kulipia kabla ambazo hazijaisha, ziandikwe kwenye fomu ya kazi kabla ya kusaini. Friji izimwe mapema, na umeme ukirudi isubiri dakika tano hivi ndipo iwashwe. Nyumba yenye fezi tatu iwe na tahadhari ya ziada: fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota ya fezi tatu huzunguka kinyumenyume. Pampu itanguruma kama kawaida lakini maji hayatapanda vizuri, na watu watailaumu pampu.

Sasa bili. Mita ya kisahani ina ekseli, na ekseli huchakaa na kukusanya vumbi, hivyo ya zamani huelekea kusoma pungufu. Mzigo mdogo kabisa huenda usiweze hata kukisogeza kisahani. Mita ya elektroniki inauona. Chaja, king'amuzi na ruta zikila wati 20 kwa jumla, kwa saa 24 na siku 30, hizo ni uniti 14.4 ambazo pengine hazikuwa zikihesabiwa zote. Bili ikipanda kidogo na kubaki hapo, chunguza kwanza vifaa visivyozimwa.

Ikipanda sana, pima. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa, mara nyingi 1000, 1600 au 3200. Kwenye mita ya 1000, kila mmweko ni wati-saa moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, washa hita moja ya wati 2000, kisha hesabu mimweko 100 kwa saa ya kusimamisha. Inapaswa kuchukua sekunde 180. Kanuni ni hii: zidisha 3,600,000 kwa idadi ya mimweko, kisha gawanya kwa namba ya mita na kwa sekunde ulizopata. Jibu ni wati.

Usikurupuke kuilaumu mita jibu likikataa, kwa sababu volti zina nafasi yake. Hita iliyoandikwa wati 2000 kwa volti 230 ikipewa volti 210 inakula kama wati 1667, na mimweko 100 itachukua sekunde 216. Pima volti kwanza. Usitumie friji au kiyoyozi kwa jaribio hili, maana vinajiwasha na kujizima vyenyewe.

Jaribio la pili ni la sifuri, nalo linafichua mengi. Zima swichi kuu na uitazame ile taa kwa dakika kumi. Kubaki imewaka bila kumweka ni kawaida kwa mita nyingi. Ikiendelea kumweka, kuna kitu kimeungwa kabla ya swichi kuu, au nyutro yako (waya unaorudisha mkondo) imechanganyika na ya jirani. Hili la nyutro linaumiza sana nyumba zilizogawanywa kwa wapangaji. Mita nyingi za kisasa hupima mkondo wa laivu (waya unaoleta umeme) na wa nyutro, hulinganisha, kisha huhesabu kwa ule mkubwa. Mita ya kisahani ilipima upande mmoja tu, kwa hiyo nyaya zilizochanganywa miaka mingi iliyopita hazikumsumbua mtu. Mita janja inaweza kukuhesabia umeme wa jirani, au kutoa ishara kwamba imechezewa wakati hakuna aliyeigusa. Fundi mwenye mita ya kubana (kipimo cha mkondo chenye taya zinazozunguka waya) azungushe taya zake kwenye laivu na nyutro kwa pamoja, mzigo ukiwa umewashwa. Usomaji unapaswa kukaribia sifuri. Ukifika ampea nzima, mkondo unarudi kwa njia nyingine, na dawa yake ni kutenganisha nyaya ndani ya nyumba.

Wenye sola wana jaribio lao. Mita inayohesabu pande mbili huonyesha kwenye skrini umeme ulioingia kwa alama ya 1.8.0 na uliotoka kwa 2.8.0. Mchana wa jua kali, punguza mizigo na utazame skrini: 2.8.0 ndiyo ipande, 1.8.0 itulie. Kama inayopanda ni 1.8.0, mita haijapangwa kwa sola na unatozwa kwa umeme unaoutoa mwenyewe. Hilo halivumiliki hata wiki moja.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wa 2017, unaosambazwa sana. Ni kweli uliona baadhi ya mita za elektroniki zikizidisha hadi asilimia 582. Hali ya jaribio ilikuwa maabara, kwa taa za kubana matumizi zilizounganishwa na swichi za kupunguza mwanga, zinazokatakata mkondo vibaya. Kama nyumba yako ina taa nyingi za aina hiyo, rudia hesabu ya mimweko zikiwa zimewashwa peke yake na ulinganishe na kipimo kingine.

Kuhusu mawimbi: mita nyingine hazirushi kabisa hewani, zinapitisha taarifa kwenye nyaya za umeme. Nyingine hutumia laini ya simu au redio, kwa vipindi vifupi, na nguvu ya mawimbi hupungua hadi robo kila umbali ukiongezeka maradufu. Simu unayoilaza sikioni iko karibu nawe kuliko mita ya ukuta wa nje.

Faragha ndiyo hoja nzito. Usomaji wa kila nusu saa ni 48 kwa siku, na mchoro wake unaonyesha mnaamka saa ngapi na lini nyumba haina mtu. Mwaka 2009 Seneti ya Uholanzi ilikataa sheria ya kulazimisha mita hizi kwa sababu hiyo. Uliza kwa maandishi: data inasomwa kila baada ya muda gani, inatunzwa kwa muda gani, inapewa nani, na kama unaweza kuchagua usomaji wa mara moja kwa siku.

Umeme ukikatika, angalia skrini kabla ya kupiga simu. Skrini imezima: tatizo liko kwenye laini. Skrini inawaka na breka zako ziko sawa lakini ndani giza: swichi ya ndani ya mita imefunguka, kwa deni, kwa amri ya mbali, au kwa kuzidisha kiwango cha mzigo. Mita nyingine, kama Linky ya Ufaransa, hukata kwa kVA (volti mara ampea, kwa maelfu) badala ya wati, kwa hiyo mota ya wati 1500 yenye kipengele cha nguvu 0.75, yaani sehemu ya umeme inaouchukua inayofanya kazi kweli, inahesabiwa kama volti-ampea 2000. Punguza mizigo, kisha fuata maelekezo ya kitufe cha kurudisha.

Ukiamua kulalamika, andika namba ya mita, mimweko, sekunde, volti na kifaa ulichotumia, kisha omba mita ya ukaguzi ifungwe kwenye laini moja na yako, umeme uleule ukipita zote mbili, kwa siku kadhaa. Daraja la usahihi wa mita limeandikwa usoni mwake: "Cl. 1" ni kosa la asilimia 1, "Cl. 2" ni asilimia 2.