Saa 15 angani kwa siku sita za matembezi

Wanaopanga likizo fupi ya New York huanza kwa kuhesabu siku za hoteli. Mimi naona bora uanze na tikiti, maana hiyo ndiyo inayompoteza mtu mapema. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, safari iliyoanzishwa Oktoba 2018, huondoka usiku mkubwa, na tarehe hugeuka saa sita usiku. Tikiti ikiandikwa 00:15 tarehe 12, uwanjani unatakiwa jioni ya tarehe 11. Ukienda jioni ya tarehe 12, ndege imeshatua New York zamani. Tena tikiti haijui saa zetu: 07:00 ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Anayekuja kukupokea mwandikie kwa maneno.

Kwenye Boeing 787 viti vya daraja la kawaida hupangwa vitatu vitatu, mafungu matatu, na njia mbili za kupita. Chagua kiti cha njiani katika fungu la kati. Hapo atakayekuomba umpishe aende msalani ni jirani mmoja tu, tena naye huenda akatokea upande wa pili. Cha njiani upande wa dirisha kina watu wawili wa kuamkiwa.

Hewa ya ndani hushikiliwa kama uko mwinuko wa mita 1,800 hivi, yaani kama Nairobi. Wa Nairobi hatasikia tofauti kubwa, lakini aliyetoka Mombasa siku hiyohiyo atalisikia tumbo, kwa sababu gesi hutanuka kanieneo likipungua. Maharage yasubiri kurudi. Ushahidi uko mikononi: chupa ya plastiki uliyoimaliza na kuifunga angani hujikunja yenyewe ndege ikikaribia kutua. Ukavu ndio usio na mwenyeji. Hewa ya nje huko juu ni baridi mno na haina unyevu, kwa hiyo koo, midomo na macho hukauka. Kunywa maji kidogo kidogo, na miwani iwe badala ya lenzi. Kila baada ya saa mbili simama utembee, damu isilale miguuni. Betri ya akiba ya simu hukaa mkobani, kamwe si kwenye begi linalopakiwa chini.

Usingizi uupate humu humu. Ndege inaelekea magharibi, giza linakwenda nayo, na usiku huo hupita saa 12. Kula haraka, ulale. Tunda la kwenye sinia ama ulile ama uliache, kwa sababu forodha ya Marekani inataka utaje kila chakula ulichobeba, na tunda lililosahaulika mkobani linaweza kukutoza faini.

Wakati wa kiangazi New York iko nyuma yetu kwa saa saba, na majira ya baridi nane. Ukitua saa mbili asubuhi, mwili wako uko saa tisa alasiri, na hoteli nyingi hutoa vyumba saa tisa alasiri ya kwao, ambayo kwako ni saa nne usiku. Acha begi mapokezini, ukae nje juani.

Mwili huhama takriban saa moja kwa siku, hivyo kwa siku sita sioni faida ya kushindana nao. Saa moja jioni ya huko kwako ni saa nane usiku, na tikiti ya onyesho la jioni ni pesa ya kwenda kusinzia kitini. Utaamka saa tisa usiku macho makavu. Vumilia hadi kuche, kisha utembee Brooklyn Bridge kabla watu hawajajaa. Makumbusho na foleni ziwe asubuhi, na saa mbili usiku uwe kitandani.

Kurudi ndiko kuna gharama. Kwenda siku ilirefuka, jambo ambalo mwili hulimudu, lakini kurudi inafupishwa. Ukiondoka Jumamosi mchana, unatua Jumapili asubuhi, wakati New York ni usiku wa manane. Jumapili hiyo usilale mchana zaidi ya nusu saa. Hata hivyo saa nane usiku utakuwa unakodolea dari. Kwa hiyo ukiomba ruhusa kazini, iombe na ya Jumatatu.