Nilivyopima mradi wetu wa kuzuia mimba za utotoni

Taarifa za mradi wetu huku Kanda ya Ziwa zilikuwa zinapendeza: semina zimefanyika, wasichana wamejibu maswali kabla na baada, alama zimepanda. Mimi ndiye niliyekuwa nazijumlisha, na nilijua fika kuwa alama hazizuii mimba. Mwanza waliliona hilo zamani. MEMA kwa Vijana, mradi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulilinganisha jamii 10 zilizopata elimu na huduma na nyingine 10 ambazo hazikupata. Uelewa ulipanda kweli. Mimba hazikupungua kwa maana yoyote.

Nikamwomba mratibu tupige kura ya bahati nasibu, shule zipi zianze na zipi zisubiri mwakani. Walimu wakuu walinung'unika, lakini fedha za shule zote kwa mpigo hazikuwepo hata hivyo. Zilizosubiri ndizo zikawa kipimo changu.

Kasheshe ilikuwa kuhesabu. Binti wa kidato cha pili ukimuuliza habari za ujauzito, atakujibu unachotaka kusikia. Nikaomba daftari la mahudhurio. Kwa wasichana walioacha shule imeandikwa utoro, utoro, amehama. Mwalimu wa malezi, mama mtu mzima, alifunga mlango wa ofisi akapitisha kidole kwenye majina. "Huyu mtoro kweli, yuko machimboni. Huyu ana mtoto. Huyu naye, mwanangu, wazee walishamalizana kwa ng'ombe." Sikunakili jina hata moja, nilichukua idadi tu. Kisha nikapitia umri kwenye rejesta za wajawazito, hadi za zahanati za kata jirani, maana mabinti hupelekwa kliniki ya mbali wasijulikane.

Tofauti ilikuwa ndogo, na kwa shule chache kama zetu sikuthubutu kuiita mafanikio. Ila kila mwalimu alinitajia wahusika walewale: bodaboda, wachimbaji, wenye maduka. Mara chache sana mwanafunzi mwenzake. Semina yetu ilikuwa inahubiri "subiri" bila kumgusa fataki, yaani mwanamume mtu mzima anayewarubuni mabinti. Kenya magharibi, mtafiti Pascaline Dupas alipima somo fupi lililowaeleza wasichana wa darasa la 8 kwamba wanaume watu wazima wana VVU zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Mimba zikapungua kwa asilimia 28. Somo la kuhimiza kusubiri hadi ndoa halikufua dafu.

Shule zilizosubiri zimeanza na somo la mafataki. Mfadhili bado anataka picha za semina. Nampelekea, pamoja na jedwali la walioacha shule.